Nampeleka mama (miaka 68) kuona mawe ya Karlu Karlu. Nani amefika, na njia ikoje?

Mtoto wa Igogo · Juni 11

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Adelaide mwaka wa tano sasa. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Mwanza, na likizo ya watoto ya Julai nataka nimtoe aone Australia ya ndani, maana hapa mjini ameshachoka. Anasema nyumba zote zimefungwa kama kuna msiba na hakuna mtu wa kumsalimia. Nimeona picha za yale mawe ya duara yaliyopandana huko Northern Territory, Karlu Karlu, ambayo wengi bado wanayaita Devils Marbles. Nikamwonyesha kwenye simu. Akaangalia, akanirudishia simu.

"Yaani nimepanda ndege zote zile ili nikaangalie mawe? Mawe si ndiyo niliyoyaacha Igogo?"

Kwa wasioijua Mwanza: nyumba yetu imeegemea jabali. Nguo tunaanika juu ya jabali, choo kiko nyuma ya jabali, na mama ametusomesha sisi wanne kwa kugonga kokoto. Kwa hiyo hoja yake ina uzito, sikuwa na jibu.

Maswali yangu:
1. Niendeshe kutoka Adelaide au tupande ndege mpaka Alice Springs, nikodi gari pale?
2. Kuna pa kulala karibu na mawe, au tuangalie na kurudi siku ile ile?
3. Julai hali ya hewa ikoje kwa mtu mzima ambaye hata Adelaide analala na soksi?
4. Kweli panafaa safari, au mama yuko sahihi?

---

Bwana Mikocheni · Juni 11

Mkuu, kama ni mawe si uende Uluru ujue moja? Hilo ndilo dunia nzima inalijua. Hayo mengine ni ya njiani tu, unasimama dakika 20, unapiga picha, unaokota kajiwe ka kumbukumbu, safari inaendelea.

---

Mama Kulwa · Juni 11

Mtoto wa Igogo, karibu. Mimi ni wa Nyakato, kwa hiyo hayo maneno ya mama nimeyasikia mpaka sauti yake.

Nimefanya kazi Tennant Creek miaka miwili, kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku karibu zote. Ni mji wa watu kama 3,000, una barabara kuu moja pana, na ukitoka pale mpaka Karlu Karlu ni kilomita 100 na ushee kuelekea kusini. Nimefika kwenye hayo mawe zaidi ya mara kumi. Naomba nikujibu kwa kirefu kwa sababu Bwana Mikocheni hapo juu amekupa ushauri ule ule nilioufuata mimi mara ya kwanza.

Mara ya kwanza nilikwenda Desemba, saa saba mchana. Nilishuka na ndala, nzi wakaniingia puani kabla sijafunga mlango wa gari, nikapiga picha tatu, nikarudi kwenye kiyoyozi. Jua likiwa utosini mawe yale hayana kivuli, hayana rangi, yanaonekana kama viazi vilivyomwagika kutoka kwenye gunia. Nilimpigia mume wangu nikamwambia hata Capri Point ya kwetu Mwanza panapendeza kuliko huku.

Mara ya pili nilikwenda Julai na mama mmoja wa Kiwarumungu, wenyeji wa asili wa huko, tuliyekuwa tunafanya naye kazi. Yeye ndiye aliyesema tulale. Tukaweka hema. Kufika saa kumi na mbili jioni jua linashuka, mawe yakaanza kubadilika: kwanza rangi ya chungwa, halafu yakawa kama kaa ambalo mtu amelipuliza sasa hivi, halafu yakageuka rangi ya maini, halafu giza. Kila jiwe likatoa kivuli chake, na ndipo unapoona kwamba lile jiwe uliloliona moja kumbe ni mawili, la juu limekaa juu ya la chini kwa sehemu ndogo mno, unashangaa kwa nini halijaanguka. Makubwa yanafika mita 6, nyumba ya ghorofa moja inajificha nyuma yake. Madogo ni nusu mita, ungeweza kuyakalia, ila usiyakalie.

Kwa hiyo jibu la swali la 2: mlale. Kuna kambi pale pale chini ya mawe. Unalipia nafasi mapema kwenye mtandao wa idara ya hifadhi za Northern Territory, na tangu 2023 sisi tunaotoka majimbo mengine tunatakiwa pia kuwa na kibali chao cha kuingia hifadhini. Usiende bila kulipia ukitegemea kuongea na mtu getini, hakuna geti wala mtu. Maji hakuna, beba yenu. Kuni msichume pale, nunueni njiani. Choo ni cha shimo. Mwambie mama mapema, maana atafurahi sana kujua kwamba Wazungu nao wana choo cha shimo. Kama hema litamshinda, mbele kidogo upande wa kusini kuna Wauchope, kituo cha mafuta chenye vyumba na chakula, dakika kumi kwa gari. Lakini hata mkilala huko, jioni na alfajiri muwe kwenye mawe.

Swali la 3: Julai mchana ni raha tupu, kama Mwanza yenye upepo. Usiku baridi inashuka ghafla. Blanketi mbili, kofia ya kufuma, na soksi zake hizo.

Swali la 4. Wewe mwambie hivi. Lile jiwe lilikuwa uji wa moto ulioganda chini ya ardhi, miaka kama bilioni 1.7 iliyopita. Likapata nyufa, za kusimama na za kulala, likagawanyika kama matofali makubwa. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakaanza kula pembe kwanza, kwa sababu pembe inaliwa kutoka pande zaidi ya moja. Ardhi ya juu ilipoondoka, matofali yakatokea yakiwa yameshakuwa mipira. Na sasa yako juani yanaendelea kumenyuka ganda moja moja kama kitunguu. Jiwe la Bismarck pale ziwani limepatikana kwa njia hiyo hiyo. Mama yako aliyekuwa anawasha moto juu ya jabali mpaka litoe ganda ndipo alipige nyundo, hili somo analijua kuliko mimi. Watalii wanakaa kumsikiliza mhifadhi akieleza kitu ambacho mama amekifanya kwa mikono yake. Mpeleke.

Sasa Bwana Mikocheni, hilo la kuokota kajiwe ka kumbukumbu. Kaa nikusimulie.

Alikuwepo mchungaji wa kanisa anaitwa John Flynn, ndiye aliyeanzisha huduma ya madaktari wa ndege huku bara mwaka 1928, watu wanamheshimu sana. Akafa 1951. Waliotaka kumwekea kaburi la heshima Alice Springs wakaona hakuna kitu kizuri kama moja ya yale mawe ya duara. Wakalichukua, wakalisafirisha karibu kilomita 400, wakaliweka juu ya kaburi. Wenyeji wa asili wenye mawe hawakuulizwa. Na lile jiwe halikuwa la hivi hivi, lilikuwa sehemu ya mahali pa kina mama pa Wakaytetye na Wawarumungu. Walidai miaka na miaka. Mwaka 1999 likarudishwa, na Waarrernte, ambao ndio wenye ardhi ya Alice, wakatoa jiwe lao wenyewe kuziba pengo ili marehemu asibaki bila kitu. Mimi kilichonigusa ni hicho cha mwisho. Wangeweza kusema shauri yenu.

Ardhi yote ya hifadhi ile walirudishiwa wenyewe mwaka 2008, serikali imekodi tu. Kwa hiyo usipande juu ya mawe, usichukue hata changarawe. Na jina, sema Karlu Karlu. Ni Kiwarumungu, maana yake ni hayo mawe ya duara. Hilo la shetani na gololi zake lilikuja 1870 na msafara wa John Ross uliokuwa unatafuta njia ya waya wa simu ya maandishi kutoka Adelaide hadi Darwin.

Mkipata siku ya ziada fikeni Tennant Creek kwenyewe, muone nyumba ya utamaduni ya Nyinkka Nyunyu, halafu kaskazini ya mji kidogo kuna Kunjarra, wanapaita pia The Pebbles. Ni vichuguu vya mawe madogo madogo, mahali pa hadithi za kina mama. Watalii wengi wanapapita. Mimi nilikuwa naenda pale nikitoka zamu kabla sijalala.

---

Papa Deo · Juni 12

Ndugu wa Igogo, mimi ni Mkongo wa Uvira, niko Alice Springs tangu 2014. Niliendesha teksi, leo naendesha lori. Mama Kulwa ameongea mawe, mimi nitaongea barabara, kwa sababu barabara ndiyo inaua.

Adelaide mpaka Alice ni kilomita 1,500 na zaidi. Na mama wa miaka 68 na watoto? Hapana. Pandeni ndege, ni mwendo wa saa 2 tu. Kutoka Alice mpaka mawe ni karibu kilomita 400, lami tupu, Stuart Highway, saa 4 na nusu ukisimama kunywa chai. Kuna sehemu kibao kinakuruhusu kilomita 130 kwa saa. Kibao si amri.

Utakutana na malori ya trela tatu, nne. Mengine yanafika mita 53. Mimi ndiye ninayeliendesha hilo, kwa hiyo nisikilize. Ukitaka kunipita, ngoja mpaka uone barabara iko wazi mbele kabisa, halafu pita moja kwa moja, usisite katikati. Nikikupita mimi, shika usukani vizuri, upepo wangu utakuvuta.

Usiendeshe jua likizama. Kangaruu wanatoka, ng'ombe wanatoka, na ng'ombe wa huku hawana ua sehemu nyingi. Mchana angalia tai. Akiwa anakula mzoga barabarani hapai haraka, ni mzito, anapaa kuelekea kwenye kioo chako. Punguza mwendo mapema.

Mafuta jaza Alice, ongeza Ti Tree hata kama tanki bado. Maji lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na dumu moja la akiba. Mtandao wa simu unakufa ukitoka mjini, kwa hiyo mwachie mtu ujumbe unakwenda wapi na unarudi lini. Mkipita Alice niandikieni hapa, mama hawezi kupita mji wangu bila kula ugali.

---

Mama Kulwa · Juni 12

Naongezea la gari, nilisahau kwa sababu bado linaniuma. Soma mkataba wa kukodi mstari kwa mstari. Kampuni moja, siitaji, ilinipa kilomita 100 tu za bure kwa siku, nami nikasaini huku naongea na simu. Kutoka Alice kwenda na kurudi kwenye mawe ni 800! Za ziada zilikaribia kodi ya gari lenyewe. Na mwishoni kabisa mwa karatasi walikuwa wameandika kwamba ukiendesha usiku nje ya mji bima haipo. Uliza maneno hayo mawili, kilomita na usiku, kabla hujatoa kadi.

---

Nyar Seme · Juni 13

Napita tu kutoka Perth, lakini hii habari ya kumtoa mama kwenye mawe kumpeleka kwenye mawe imenichekesha. Sisi kwetu Seme, nje kidogo ya Kisumu, tuna Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza. Mawe makubwa yamepandana, watu wanakwenda kufunga na kuomba pale hadi leo. Nilipofika Karlu Karlu mwaka juzi kitu cha kwanza nilichofanya ni kushusha sauti, bila kuambiwa na mtu. Watoto wangu waliozaliwa huku wakaniuliza, "Mum, mbona unanong'ona?" Mama yako hatahitaji kuelezwa mengi.

---

Bwana Mikocheni · Juni 13

Sawa, nimekubali. Kajiwe nimekafuta.

---

Mtoto wa Igogo · Julai 24

Wakuu, tumerudi salama. Naleta mrejesho kama nilivyoahidi inboksi kwa Mama Kulwa.

Tulipanda ndege. Papa Deo alitupokea Alice na ugali, na sombe, na samaki aliyemtoa sijui wapi katikati ya jangwa. Mama aliongea naye mpaka saa sita usiku habari za ziwa, mmoja la Tanganyika, mwingine la Nyanza, kila mtu akisema samaki wa kwao ndio samaki.

Barabara kama alivyosema. Nilipitwa na lori la trela nne, usukani ukatikisika, mama akataja majina ya babu zake wote. Tulifika saa tisa alasiri.

Aliposhuka hakusema kitu. Alikuwa amevaa koti langu na kitenge juu yake. Akatembea mpaka kwenye jiwe la kwanza kando ya njia, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasogeza sikio. Akagonga tena pembeni kidogo.

"Hili hapa limeshaachia ganda," akasema. "Sikia."

Nikagonga mimi. Kweli, upande mmoja sauti imekaza, upande mwingine kama unagonga debe. Miaka yote ile namwona anagonga jabali kabla ya kuwasha moto nilidhani ni mazoea tu. Akazunguka mawe kama saba hivi akiyagonga, watoto wangu nyuma yake nao wanagonga, mtalii mmoja mzee mwenye kamera naye akaanza kugonga bila kujua anatafuta nini. Halafu mama akasimama mbele ya lile kubwa kuliko yote, akaliangalia kuanzia chini mpaka juu, nikajua anafanya hesabu.

"Tipa arobaini," akasema. "Labda na tano. Na hakuna mtu aliyeligusa."

Jioni ilikuwa kama Mama Kulwa alivyoandika, mpaka hiyo rangi ya maini. Siwezi kuongeza. Chini ya jiwe moja lililoinama tuliona viota vya ndege vya udongo, vimebandikwa kwenye jiwe kama vichupa, midomo ikiangalia chini. Mama akasema huyo ndege ni fundi, amepata paa bila kununua bati. Choo cha shimo kilimfurahisha sana, alikwenda mara tatu, mara ya tatu nadhani hakuwa na haja.

Aliamka saa kumi alfajiri kwa baridi, akaniamsha. Kilimia kilikuwa kimechomoza upande wa mashariki, kinang'aa sijawahi kuona vile. Tukakaa na blanketi mpaka mawe yakaanza kuonekana tena moja moja. Akaniambia kuna siku akiwa na mimba yangu, mwezi wa saba kama huu, alipasua jabali tangu giza kama hili kwa sababu tipa ilikuwa inakuja saa moja. Hilo hakuwahi kuniambia.

Sasa kuhusu sheria. Tumeshafunga mizigo, niko nje ya kambi naelekea barabara kuu, namwona kwenye kioo anasugua kitu kwenye kiganja. Nikamwuliza. Akafungua mkono: kipande cha ganda, bapa, kinachokwaruza, ukubwa wa sabuni.

"Cha kusugulia miguu," akasema. "Kilikuwa kimeanguka chenyewe."

Nikasimamisha gari. Nikamsimulia habari ya Flynn, kaburi, wale kina mama waliodai jiwe lao, na wale wengine waliotoa lao. Akasikiliza kimya. Akauliza swali moja tu: lile jiwe lilikuwa kubwa kiasi gani? Nikamwambia sijui, lakini lilibebwa kwa gari. Akakaa. Akasema, "Geuza."

Nikarudi. Akashuka mwenyewe, akatembea mpaka lile jiwe aliloligonga la kwanza, akainama akakiweka chini, akakigeuza upande wake sawasawa kama kilivyokuwa. Aliporudi kwenye gari akawa amenuna mpaka Ti Tree.

Alice nikamnunulia jiwe la kusugulia miguu kwenye duka la dawa, lile jepesi la kijivu lenye kamba. Amejaribu. Anasema halisugui, linapapasa.

---

Mama Kulwa · Julai 24

Mpe shikamoo yangu. Na hilo la dukani aliloweke kwanza kwenye maji ya moto.